Zile dola 199 zilipita wapi?

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Kadutu na Ibanda, Bukavu, Mei 2024



Tumewaita juu ya deni. Si deni la Leta, lile tunajua kulilalamikia, hata usingizini tunaweza kulisoma. Leo tunazungumzia deni letu sisi wenyewe.

Mnakumbuka tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi. Mvua ikanyesha, mito ikashuka na mawe na miti, Bushushu na Nyamukubi zikafunikwa. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana hata leo. Hatutarudilia ile habari. Kila mtu hapa ana mtu wa Kalehe katika jamaa yake ao katika avenyu yake.

Wiki ile ile tuliamua kuchangisha. Mifukoni mwetu hamkuwa kitu. Wengi wetu tuna lisansi na hatuna kazi, wengine tunauza inite na kutoa watu franga kwenye kabini. Kwa hiyo tuliangalia upande wa ndugu zetu wa Ubelgiji na Ufaransa. Kaka mmoja wa harakati anayeishi Ubelgiji akafungua ukurasa wa mchango kwenye intaneti, juu sisi tulio Congo hatuwezi kuufungua. Mitandao mikubwa ya kuchangisha, kama GoFundMe, haikuiweka Congo katika orodha ya nchi ambako mtu anaweza kuanzisha mchango na kupokea malipo. Ule tulioutumia hatutautaja kwa jina, na tutasema baadaye kwa nini.

Watu 71 walitoa. Ukurasa ukaandika kwa maandishi makubwa: 1,180 euro. Tulifurahi sana. Tukaufotoa, tukautuma katika vikundi vyote vya WhatsApp, mpaka Kalehe kwenyewe. Siku ile 1 euro ilikuwa karibu dola 1.08, tukapiga hesabu: dola 1,274. Tukatengeneza orodha ya familia 50, kila familia dola 25, jumla 1,250. Zile 24 za juu zingelipa motari na karatasi. Hesabu safi kabisa, ya watu waliosoma uchumi.

Siku ya kugawa, tulikuwa na makuta ya familia 43.

Tulifanya nini? Tulichukua orodha, tukakata majina 7 ya mwisho. Hatukuchagua masikini zaidi ao mwenye watoto wengi zaidi. Tulikata ya mwisho, juu yalikuwa ya mwisho. Namba 46 alikuwa mama mmoja mjane aliyepoteza nyumba na watoto 2. Alikuwa amekwisha kupanga mstari, na kadi ya mchaguzi mkononi. Akatuuliza bila kupandisha sauti:

« Batoto yangu, ku telefone ya mutoto wa jirani tuliona ginsi banaandika 1,180. Sasa ingine njo ilipotelea wapi? »

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, « Mama, kulikuwa gharama ndogondogo. » Na nyuma ya siku 3, hapa hapa kwenye ukurasa wetu wa matangazo, tuliandika sentensi moja: kwamba makuta yote yamefika, tukiondoa gharama ndogondogo.

Wandugu, sisi tunaosimama mbele ya biro ya gavana na mabango kuuliza franga za barabara zilikwenda wapi, tuliandika « gharama ndogondogo ». Kama waziri angetujibu vile, tungemchekea mwezi mzima. Hatukushangaa waliposema kwamba vijana wamekula. Wenzetu 3 waliacha harakati juu ya ile sentensi, na hatuwalaumu.

Basi ikatubidi kukaa chini na kufuata zile dola moja moja, kwa karatasi na kwa simu. Tulizipata zote 199.

Ya kwanza ilikatwa Ulaya, mbele makuta hayajatoka kwenye ukurasa. Anayelipa kwa kadi, kuna kampuni inayopitisha malipo, nayo inachukua yake. Kwetu ilikuwa 2.9 kwa 100, kisha senti 25 za euro juu ya kila mchango. Zile senti 25 ndizo zinauma, juu hazitofautishi tajiri na masikini. Mtu akitoa euro 100, anakatwa 3.15. Akitoa euro 5, anakatwa karibu senti 40, maana yake 8 kwa 100. Mwanafunzi aliyejinyima chakula cha mchana ili atoe 5 amekatwa zaidi ya mara 2 kuliko daktari aliyetoa 100. Kwa watu 71 ilifika euro 52, karibu dola 56.

Lakini kuna kipande kingine ambacho hakimo katika zile 199, na tulikigundua kwa bahati. Binamu ya mmoja wetu alitutumia risiti yake. Alitoa euro 20, lakini kadi yake ilikatwa 23. Tukamuuliza, zile 3 ni za nini? Hakujua. Tulipofungua ukurasa polepole tukaona: mbele ya kulipa kuna mstari mdogo unaosema ni bakshishi kwa mtandao, na alama imekwisha kusukumwa kwenye 15 kwa 100. Unaweza kuirudisha kwenye sifuri, hakuna anayekukataza. Ila aliyeona picha ya nyumba iliyofunikwa na udongo, machozi machoni, saa 5 ya usiku, atasoma ule mstari? Kama wote 71 waliiacha alama pale ilipokuwa, basi mtandao ulipokea euro 177 ambazo sisi hatukuziona, Kalehe haikuziona, na watoaji wenyewe walifikiri wametupa sisi.

Tusitukane mtu hapa. Ule mtandao una wafanyakazi, una mashine, unakamata wezi wanaofungua kurasa za uongo. Ule ni kazi na kazi inalipwa. GoFundMe, kwa mfano, mbele ilikuwa inakata 5 kwa 100 ya kila mchango. Mwaka 2017 ikaondoa ile kato kwa michango ya watu binafsi kule Marekani, ikaomba bakshishi ya hiari. Ni vizuri. Swali letu ni neno « hiari ». Mama wa soko la Kadutu anapokuongezea konzi ya sambaza, ameongeza kwa mkono wake na wewe umemwona. Sasa fikiri mama anayetia mkono wake ndani ya mfuko wako, anatoa franga, kisha anasema, ungekuwa hutaki ungenikataza.

Na ndiyo sababu hatuutaji ule mtandao. Tukiutaja, mtatoka hapa mkisema mwenye kosa ni fulani, twende kwa mwingine. Mwingine naye ana mstari wake mdogo.

Turudi kwenye hesabu. Kaka yetu alipokea euro 1,128 katika benki yake, akazipeleka kwa njia ya ajansi ya kutuma makuta. Ajansi ilimwomba euro 39, risiti tunayo: dola 42. Kisha ikageuza euro kuwa dola kwa bei yake yenyewe, 1.05 badala ya 1.08. Hapo zilipotea dola 33, na hizi haziandikwi kwenye risiti yoyote. Ajansi inatangaza kato yake kwenye kioo kwa rangi nzuri, lakini bei ya kugeuza inaiweka chini, kwa namba ndogo, na mtu hajui kama ile nayo ni kato. Wengi wetu tulisoma uchumi miaka 5, na hatukuliona.

Bukavu tulipokea dola 1,143 mkononi. Noti 2 za 20 zilikuwa na mpasuko kidogo kwenye ukingo. Ninyi nyote mnajua dola yenye mpasuko hapa kwetu ni karatasi tu. Kambiste akazichukua kwa 17 kila moja: dola 6 zimekwenda. Tuliona aibu kuziandika, lakini tumeziandika.

Kubeba makuta yale katika mfuko njia nzima mpaka Kalehe hatukuthubutu. Tukayapitisha katika simu, kwa wandugu 2 walioko kule. Kutuma na kutoa vilikula dola 31. Kule kabini hazikuwa na noti, juu kila mtu alikuwa anatoa siku zile na hakuna aliyeweka. Mwenye kabini akasema lazima azifuate mpaka Kavumu, mtamuongezea kitu. Tukamuongezea 20. Alikuwa na haki? Sisi tunaofanya kazi ya kabini tunasema ndiyo na hapana. Safari ni ya kweli, na komisheni anayopewa na kampuni ya simu hailipi hata moto wa kwenda. Ila bei hakuiandika popote, aliisoma kwenye uso wetu.

Dola 11 za mwisho tulilipa motari na fotokopi za orodha. Jumlisheni: 56, 42, 33, 6, 31, 20, 11. Zinafika 199. Hakuna aliyekula. Na familia 7 zilirudi mikono mitupu. Yote mawili ni kweli pamoja, na ndilo lililotusumbua mwaka mzima.

Sasa tuseme tulichojifunza kwa wengine, juu si sisi wa kwanza.

Mwaka 2010 kule Marekani vijana waliotengeneza michezo ya kompyuta walianza kitu kilichoitwa Humble Bundle. Uliuziwa michezo kadhaa pamoja, bei ulijichagulia mwenyewe. Kabla ya kulipa uliona alama za kusukuma: kiasi gani kiende kwa waliotengeneza michezo, kiasi gani kwa mashirika ya msaada, baadaye hata kiasi gani kibaki kwa mwenye duka. Ukitaka, unapeleka yote kwa msaada. Mara ya kwanza walipata zaidi ya dola milioni 1. Tunawaza sana juu ya ile picha, mtu anakata mkate mbele ya macho ya mwenye mkate. Lakini sikilizeni na mwisho wake. Duka likauzwa kwa kampuni kubwa, na mwaka 2021 likasema litaondoa zile alama. Wanunuzi wakapiga kelele. Alama zikarudi, lakini zikiwa na mpaka: mwenye duka hawezi kupata chini ya 15 mpaka 30 kwa 100, inategemea bidhaa. Mtu anaweza kusema walishindwa. Sisi tunasema angalau mpaka umeandikwa, mtu anaujua mbele ya kutoa kadi.

Mfano wa pili ni Amazon, ile duka kubwa ya dunia. Walikuwa na mpango unaoitwa AmazonSmile: ukinunua, 0.5 kwa 100 inakwenda kwa shirika unalochagua. Yaani ukinunua vitu vya dola 100, shirika linapata nusu dola. Bei yako haiongezeki, roho yako inatulia, na kampuni inapata jina zuri. Tarehe 20 Februari 2023 waliufunga. Wenyewe walieleza kwamba msaada ulitawanyika kwa mashirika mengi mno, kila moja likipata kwa wastani chini ya dola 230 kwa mwaka. Sisi tulisoma ile namba tukacheka kidogo, juu dola 230 kwa Nyamukubi ni familia 9. Lakini hoja yenyewe ni hii: anayegawa kwa mapenzi yake anaweza kuacha kwa mapenzi yake. Shirika lililokuwa limeegemea ukuta ule, ukuta ulihama.

Na mfano wa tatu hauko mbali, uko katika telefone zenu. Mmesahau RAM? Mwaka 2020 Leta iliamua kwamba kila telefone ilipiwe: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo, dola 7 kwa ile ya 3G na 4G. Hakuna aliyekuja na karatasi. Inite zilikuwa zinatoweka tu. Mtu anaweka krediti asubuhi, anataka kumpigia mama yake, anakuta imemegwa. Tulipiga kelele, ninyi pia mlipiga, mtaani na bungeni, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kwa nini tuliweza? Dola 7 ni nyingi kwa shomeri, kweli. Lakini hasira yetu kubwa ilitoka kwenye ule ukimya wa kumega. Ndiyo tunajiuliza: juu ya nini tuliona wazi pale mkataji alipokuwa Leta, na hatukuona pale tulipokuwa sisi wenyewe tunachangisha?

Kuna wenzetu wanasema dawa ni kuacha intaneti kabisa, turudi kwenye bahasha. Hapana. Bahasha nayo ina mikono inayopita. Na bila ule ukurasa, hata zile familia 43 hazingepata kitu. Tumefikia haya, na yanaweza kubishwa leo hapa.

Hatutaandika tena jumla ya ukurasa kama ahadi. Tutaandika kile kilichofika Bukavu, hata kama ni kidogo na hakivutii macho. Orodha ya familia itatengenezwa nyuma ya makuta kufika, si mbele. Hili peke yake lingemwepusha yule mama kupanga mstari bure.

Juu ya maneno ya mchango, mstari wa kwanza kabisa, mbele ya picha na mbele ya hadithi, tutaeleza: ukitoa 20, mwenye kupitisha malipo anakata hiki, bakshishi ya mtandao ni hiari na namna ya kuirudisha kwenye sifuri ni hii, ajansi inakata hiki, simu inakata hiki, kinachobaki kwa familia ni hiki. Mwenzetu mmoja alibisha kwamba watu watakimbia. Labda. Tulimuuliza: wewe ungependelea wakimbie mbele ya kutoa, ao nyuma?

Kisha likelemba. Mama zetu wanatushinda hapa. Katika miji ya Ulaya ndugu zetu wengi tayari wana likelemba yao, wanakutana Jumapili. Tumewaomba wanaotoa 5 ao 10 wasilipe mmoja mmoja kwa kadi. Mtu 1 anakusanya mkononi, anaandika majina, analipa mara moja. Watu 20 wakitoa euro 5 kila mmoja kwa kadi, wanakatwa 7.90. Wakilipa 100 pamoja, wanakatwa 3.15. Ni euro 4.75 tu, tunajua, hazijengi nyumba. Ila pale Kalehe zinanunua unga, na hazikuombwa kwa mtu, zilikuwa zetu tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba yule anayekusanya lazima aaminiwe, na sisi tumetoka kuwaonyesha namna uaminifu unavyopotea kwa sentensi moja. Kwa hiyo kila mtoaji atapata namba yake, na namba zote na kiasi zitabandikwa, bila majina ya wasiotaka kujulikana.

Na kwa kabini: tutapatana bei na mwenye kabini mbele ya kutuma, siyo pale mstari wa watu umekwisha kujipanga juani. Vijana wanaofanya hii kazi wanajua kwamba hili linawezekana. Mwenye kabini naye anapenda kujua mapema ni noti ngapi atatafuta.

Sasa zile familia 7. Tangu Agosti tumekuwa tukichanga wenyewe, franga 1,000, franga 2,000, anayeuza inite na anayefundisha watoto wa jirani hisabati jioni. Hatukupitia mtandao wowote, tulichanga mkono kwa mkono. Namba 44, 45, 46 na 47 wamekwisha kupata dola zao 25. Yule mama tulimpelekea pamoja na karatasi yenye hesabu yote ya zile 199. Hajui kusoma, akamwita mutoto wa jirani, yule yule mwenye telefone, amsomee mstari kwa mstari. Alipofika kwenye noti zenye mpasuko mama akacheka, akasema hata yeye wamekwisha kumkatalia. Kisha akauliza kuhusu ile bei ya kugeuza euro, na tulichukua karibu saa nzima kumueleza. Aliielewa haraka kuliko sisi. Aliuza ndizi maisha yake yote.

Zimebaki namba 48, 49 na 50, jumla dola 75. Katika kisanduku mna dola 32 na franga 14,000. Daftari liko pale mezani karibu na mlango, na risiti zote zimebandikwa ndani, pamoja na ile ya binamu. Mwenye kutaka kulisoma asome mbele ya kufunga ukumbi, na mwenye kuona kosa katika hesabu alizungushie duara kwa bic nyekundu, tumeiacha pale.